Nilitaka ya Mguu na Mkono

Wiki iliyopita mliniacha nimekaa sakafuni na sindano iliyokatika mkononi, nalia kama mtoto. Leo silii. Leo nina hasira, na kama hupendi maneno ya mtu mwenye hasira, geuza ukurasa, kule nyuma kuna matokeo ya mpira.

Kwa ambaye hakuwapo: mimi ni fundi wa ngozi. Nashona mikoba, mikanda na viatu vya kazi. Nafanya kazi na mdogo wangu, mziwanda wa mama yetu, ambaye mtaa mzima unamwita Kitinda. Baba alinifundisha mimi, mimi nikamfundisha yeye. Cherehani yetu ilikuwa ya nguo, ya mashuka na sare za shule, na miaka yote tumeilazimisha ishone ngozi mpaka ikasema basi. Ilivunja sindano, kisha ikavunjika yenyewe.

Nayo ilichagua siku ya kufa. Kuna mpimaji wa ardhi anayetaka mikoba ya kubebea vyombo vyake, ile mirefu ya duara kama bomba. Ijumaa anakuja kuuona mkoba wa kwanza. Akiupenda, yeye na wapimaji wenzake ni wateja wetu. Asipoupenda, mimi narudi kubandika soli za watu.

Utaniuliza, kwani kwa mkono huwezi? Nilikuwa naweza. Siku hizi kiganja changu cha kulia kinakufa ganzi, na daktari ameniambia niuweke chini msharasi, ile sindano ya mpini ya kutobolea ngozi, kabla haujaniweka chini wenyewe. Bila mashine ya ngozi, ufundi wangu umekwisha. Kwa hiyo nilivunja akiba yangu yote na kwenda kununua mashine.

Nilikwenda mwenyewe, na Kitinda, na mfuko wa vipande vya ngozi nyekundu vya kujaribia.

Muuzaji alitupokea kwa bashasha.

"Mama, chukua hii hapa. Mpya, inang'aa, hata vumbi haijaonja."

"Mguu wake unatembea?"

"Inatembea yenyewe, mama. Ya umeme hii."

"Sijauliza mashine. Nimeuliza mguu."

Akajikuna kichwa. Hapa lazima nieleze kidogo, maana hapa ndipo balaa langu lilipolala.

Katika nyumba yoyote ile, ukisema cherehani ya mguu, watu wanaelewa ile unayoipiga pedali. Ukisema ya mkono, ni ile ndogo yenye mpini wa kuzungusha. Ndivyo tulivyokua. Lakini karakana ya ngozi ina maneno yake. Kwetu sisi mguu ni kile chuma kinachokandamiza ngozi chini ya sindano. Kwenye cherehani ya nguo mguu umesimama tu, meno ya chini yanavuta ngozi ya chini, ya juu inabaki nyuma, na mwisho wa mshono vipande havilingani. Mguu unaotembea hunyanyuka na kupiga hatua pamoja na ngozi. Na mkono ni kile kitako cha mashine kilichochongoka mbele kama mkono wa mtu aliyenyoosha ngumi, unauvisha mkoba wa duara kama unavyovisha shati. Nilitaka vyote viwili. Bila mkono, bomba la mpimaji halishoniki.

Nilizikataa mbili. Ya kwanza ilikuwa meza bapa. Ya pili ilikuwa na mkono lakini mguu ulikuwa umesimama kama mgambo. Kule pembeni nikaiona ya tatu, rangi imechubuka, meza imekatwakatwa na visu vya watu. Nikaipa ngozi nyekundu, vipande viwili kimoja juu ya kingine, halafu nikavikunja ziwe tabaka nne. Ikapanda ule mkunjo bila kuruka hata pigo. Nikageuza chini: mshono uleule wa juu.

Kitinda naye akakaa, akashona, akakataa kuinuka.

"Dada, hii hata ukilala inashona."

"Inuka basi, tulipe."

Nikamwambia muuzaji mota ina haraka mno, aweke ile inayokwenda pigo moja moja. Akasema nije keshokutwa, nilipe nikiichukua. Utepe mmoja wa ile ngozi yangu nyekundu nikauacha chini ya mguu, nikaubana, nikamwambia asiutoe. Nilitaka niikute yangu, si ndugu yake.

Keshokutwa ikawa jana, Jumatano. Na hiyohiyo Jumatano, asubuhi na mapema, mpimaji akaniita nikapime vyombo vyake. Kukataa siwezi, kujigawa siwezi.

Mume wangu akasema, "Mtume mdogo wangu. Ana rafiki mwenye pikapu."

Mdogo wake ni shemeji yangu, na jina lake la mtaani ni Najua. Mwambie mvua inanyesha, najua. Mwambie suruali imechanika nyuma, najua. Nilisita. Mume wangu akacheka, akasema kubeba mashine hakuhitaji shahada. Nikamkabidhi Najua fedha, nikamshika na bega kabisa.

"Sikiliza. Ile ya mkono, ambayo mguu wake unatembea. Iko pembeni. Ina utepe wa ngozi nyekundu."

"Najua, shemeji."

"Rudia."

"Ya mkono. Ya mguu. Mbona unanifanya mtoto?"

Nilirudi kutoka kwa mpimaji jua limeanza kuinama, vipimo vyote nimevishika. Kitinda alikuwa karakana, anafagia mahali tulipopaacha wazi kwa ajili ya mashine, nikamsomea vipimo huku akifagia. Nikatafuta aproni ya baba, ile ya ngozi, niivae kwa heshima ya siku. Haikuwapo.

"Tangu Jumapili sijaiona, dada. Labda imeibiwa."

Kabla sijajibu pikapu ikapiga honi nje. Najua alikuwa amesimama nyuma juu ya gari, mkono kiunoni, kitu kimefunikwa turubai pembeni yake. Mume wangu alikuwa amekaa mbele na dereva.

"Shemeji, njoo uone mambo!"

Akalivuta turubai.

Jamani. Kilikuwa chuma cha kutu chenye pedali pana chini, mkanda umekatika na kufungwa kamba ya viatu, na ubavuni kimechomekwa mpini wa mbao. Buibui alitoka kwenye droo akatutazama, akarudi ndani.

"Hii ni nini?"

"Cherehani."

"Naona ni cherehani. Nauliza, hii ni nini?"

"Ya mguu." Akaikanyaga pedali, ikalia kwiii. "Na ya mkono." Akazungusha mpini. "Zenye vyote viwili ni adimu, shemeji. Ulitaka ya mguu na mkono, nimekuletea ya mguu na mkono."

"Utepe wangu mwekundu uko wapi?"

"Ulidondoka njiani."

"Fedha zangu?"

"Si hizi hapa?" Akaipigapiga ile maiti mgongoni. "Nilikwambia najua ninachofanya."

Nakiri mbele yenu, nilitafuta kitu cha kumrushia. Juu ya meza yetu ya mlangoni palikuwa na nyundo na kopo la gundi. Mungu ni mwema, mkono wangu ulishika gundi. Ilimpata kifuani, ikateremka taratibu mpaka kwenye mkanda. Akapanda pikapu, akasema anakwenda kubadili shati.

Kitinda akanishika mkono.

"Dada, msamehe. Kosa ni la lugha. Sisi tumezoea maneno yetu ya karakana, yeye angejuaje?"

Nikaona kweli mdogo wangu amekua, ana busara kunishinda. Nililaumu midomo yangu. Kwa nini sikumchorea? Kwa nini sikumwambia tu "ile iliyochubuka"? Nililaumu hata waliotunga lugha, kwamba maneno yamejaa tele na bado mguu na mkono vifanye kazi kila mahali. Kitinda akasema harufu ya gundi imemuumiza kichwa, akaenda zake kulala.

Mume wangu alikuwa ameegemea mlango.

"Hasira hasara, mama. Kesho nitakwenda mimi, nitazungumza na muuzaji, tutaelewana."

"Kesho ni Alhamisi. Mpimaji anakuja keshokutwa. Nakwenda sasa hivi."

"Duka litakuwa limefungwa."

"Nitalifungua kwa meno."

Nikatoka. Akanifuata nyuma akiburuta ndala, na kila nikigeuka namkuta ameweka simu sikioni.

"Unampigia nani?"

"Mdogo wangu. Hapokei."

Nikamhurumia. Nikajua naye amechoshwa na ndugu yake kama mimi. Ndiyo, wasomaji wangu, nilimhurumia.

Duka lilikuwa wazi. Pembeni palikuwa patupu, alama za miguu minne ya meza zimebaki kwenye vumbi.

"Mashine yangu iko wapi?"

Muuzaji alinishangaa. "Mama, si mmeichukua asubuhi?"

"Mimi nimeletewa cherehani ya bibi yako!"

"Aa, ile kuukuu?" Akacheka mpaka akashika tumbo. "Ile nilimpa bure! Ilikuwa imeniziba mlango wa stoo. Aliiona akaishangilia, nikamwambia beba, nyongeza hiyo."

"Nyongeza ya nini?"

"Ya ile uliyochagua. Alikuja akaniambia anataka ya mkono, mguu unatembea, iliyo pembeni, yenye utepe mwekundu. Akaangalia na mota, akaniuliza kama nimeweka inayokwenda pigo moja moja. Nikasema huyu kijana anajua kazi."

Niliomba kiti. Akanipa.

Habari ya mota sikumwambia Najua. Wala mume wangu sikumwambia. Lakini wakati ule sikufika huko, hasira ilikuwa imenijaa mpaka kwenye macho. Nilichokisikia ni kimoja tu: kosa la lugha halikuwapo. Maneno yangu yalimwingia kichwani yote, moja baada ya jingine, na akayafikisha dukani salama. Kwa mara ya kwanza maishani mwake yule mtu alijua, na alichokijua alikitumia kuniibia. Kisha akaniletea takataka, akanitazama usoni, akaniacha nijilaumu mimi kwa kusema vibaya.

"Aliipeleka wapi?"

"Hilo muulize mchukuzi wangu, ndiye aliyeisukuma na mkokoteni. Yule kijana alisema huko inakokwenda gari halipiti."

Mchukuzi alikuwa amejilaza kivulini juu ya mkokoteni wake, kofia usoni. Nikaivuta kofia.

"Ile nzito ya asubuhi? Mama, usinikumbushe. Mgongo haujarudi mahali pake. Niliipeleka nyuma ya mashine ya kusaga nafaka, kichochoro cha kwanza, mlango wa bluu."

Mume wangu akadakia. "Huyu amelewa, humwoni macho? Twende nyumbani. Nitampata mdogo wangu, yataisha kifamilia."

"Mimi silewi, bosi," mchukuzi akasema, akajifunika tena kofia.

"Kifamilia ndivyo yalivyoanza," nikamwambia mume wangu, nikaondoka.

Nilikwenda kwa hatua ambazo sikujua kama bado ninazo. Mume wangu akawa anasema nyuma yangu, mara nisubiri, mara nimwachie yeye, mara presha yangu itapanda. Simu sikioni. Hapokei, hapokei.

Kichochoro kilikuwa chembamba kiasi cha mtu na ndoo yake. Kuta zimepakwa unga kutoka kwenye ile mashine ya kusaga, ambayo kwa bahati ilikuwa imezimwa. Mlango wa bluu ulikuwa umefungwa. Nikanyoosha mkono kuubisha, halafu nikasikia, nikauacha mkono hewani.

Ndani palikuwa na mashine inashona.

Naifahamu sauti ile. Nilikuwa nimeisikia mara moja tu dukani na ningeitambua hata usingizini. Tapu, tapu, tapu. Mguu unanyanyuka, unakanyaga, unanyanyuka. Ilikuwa inakwenda pigo moja moja, kama nilivyoagiza. Ikafika mahali penye mkunjo mnene, nikaisikia inapunguza, inapanda, inashuka, inaendelea. Kisha ikasimama. Gurudumu likazungushwa kwa mkono nusu mzunguko, sindano ikachimbiwa ngozini, kazi ikageuzwa, ikaendelea upande mwingine.

Nikabandika sikio kwenye mlango.

Yule Najua hawezi kushona hata kifungo cha shati lake. Ukimpa sindano anauliza tundu liko upande gani. Aliyekuwa mle ndani alikuwa fundi, tena fundi mwenye mazoea yaleyale niliyofundishwa na baba, ya kuchimbia sindano kabla ya kugeuza kona.

Nikaupiga mlango kwa ngumi mbili.

"Najua! Fungua! Nimekusikia, fungua!"

Tapu ikakatika.

"Fungua, mwizi wewe! Umekula kwenye sufuria yangu, umelala kwenye kochi langu, leo unanifungia mlango? Fungua!"

Nikasikia kiti kinavutwa, halafu pumzi ya mtu karibu kabisa na mbao, upande wa pili. Alikuwa amesimama pale, ananisikiliza. Nikapiga teke. Mwanamke mwenye beseni la mahindi akasimama kwenye mdomo wa kichochoro, na mwingine nyuma yake, na mwingine. Mtu mmoja akauliza kama ni fumanizi.

"Mama, watu wanatutazama," mume wangu akasema.

"Watazame! Wakae, na viti waletewe!"

"Unajidhalilisha."

"Nani kanidhalilisha? Vunja mlango huo. Wewe ni mwanaume, una mabega. Vunja!"

Hakuvunja. Alifuta jasho juu ya mdomo, akatazama lile kundi linalokua kule mbele. Akaishusha simu yake akaiweka mfukoni. Akanishika mabega, taratibu, akanisogeza pembeni kama mtu anayesogeza kiti. Akainamisha kichwa karibu na mlango. Na kwa sauti ileile ya chini anayoitumia akirudi nyumbani wakati watoto wamelala, akasema:

"Fungua, ni mimi."

Komeo likavutwa papo hapo.

Kilichotangulia kutoka ni harufu ya ngozi mpya. Kisha nikaiona aproni ya baba, kamba zake zimefungwa mara mbili kwa sababu aliyeivaa ni mwembamba. Kisha nikaliona shati lenye gundi yangu, kule nyuma ukutani, mwenyewe ameinamisha macho. Na katikati, chini ya taa, mashine yangu. Utepe mwekundu ulikuwa umefungwa kwenye shingo yake kama pambo la harusi, na kwenye mkono wake umevishwa mkoba mrefu wa duara, umebaki upindo mmoja tu.

Vipimo vya mkoba ule nilikuwa navyo mimi peke yangu, mfukoni, tangu asubuhi. Mimi, na mtu niliyemsomea niliporudi karakana, wakati akifagia.

Kitinda hakunisalimia. Hakunitazama hata kidogo. Alimtazama mume wangu, juu ya bega langu, kwa uso wa mtu aliyeangushwa na mwenzake.

"Shemeji, si tulikubaliana asijue mpaka mpimaji awe ameuona mkoba wangu?"

Nikageuka. Mume wangu alikuwa ameinua viganja vyote viwili, kama mtu anayezuia ng'ombe.

"Hasira hasara, mama," akasema.

Na hapo ndipo nilipogundua kwamba tangu asubuhi, gundi na yote, nilikuwa sijakasirika bado.